Piano Ikikwama, Ikishuka, Ikitetemeka: Pa Kuanzia Kabla ya Kumwita Fundi

Malalamiko yanayomfikia fundi wa piano katika pwani yetu, kuanzia Malindi hadi Mtwara, yanafanana sana. Vibonye vimezama na havirudi. Kwaya inasema sauti ya piano iko chini ya ile ya kinanda cha umeme. Kuna nota inatetemeka kana kwamba kitu kimelegea ndani. Mengi ya matatizo haya hayaanzii kwenye nyaya, yanaanzia kwenye hewa ya chumba. Ndani ya piano kuna mbao, ngozi, gundi na felti, yaani sufu iliyoshindiliwa, na vitu hivyo vyote hunywa unyevu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza piano ina nini, uliza chumba kikoje.

Maelezo haya yanahusu piano ya nyundo na nyaya, hasa ile ya kusimama, kwa kuwa ndiyo iliyo nyingi makanisani, shuleni na majumbani.

Kabla hujafungua chochote

Piano ina nyaya kama 220 hadi 230. Kila waya huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hadi 90 hivi, na zote kwa pamoja huvuta kwa nguvu inayofikia tani 18 au zaidi. Mzigo huo wote umebebwa na fremu ya chuma. Ukiona ufa kwenye fremu hiyo, au ukisikia mlio mkubwa wa kupasuka kisha piano nzima ikashuka sauti kwa ghafla, funga mfuniko na usiguse pini yoyote. Hapo hakuna jambo la kujaribu nyumbani.

Hatari ya pili ni uzito. Piano ya kusimama ina kilo 200 hadi 300, na sehemu kubwa ya uzito huo iko nyuma, kwenye fremu. Usiiinamishe kutafuta sarafu iliyodondoka, na usiruhusu watoto waisukume. Ikishaanza kulala kinyumenyume, mtu mmoja hawezi kuizuia. Piano imewahi kuua.

Onyo la tatu ni dogo, lakini ndilo linalovunjwa kila siku: usitie mafuta. Mafuta ya cherehani, mafuta ya kupikia, dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu, yote hayafai. Felti huyafyonza, huvimba, kisha hushika vumbi. Yakifika kwenye pini za kukazia nyaya, mbao inayozishika huteleza, na piano hiyo haitashika sauti tena.

Kufungua si kazi ngumu. Inua mfuniko wa juu. Ubao wa mbele huzuiwa na komeo dogo kila upande. Ukilifungua, ubao unatoka mzima. Ubao wa chini, karibu na pedali, huzuiwa na kipande cha chuma chenye springi. Kisukume juu, ubao utalegea. Washa tochi, na piga picha kwa simu kabla ya kutoa kitu chochote, ili ujue kilikuwa wapi.

Vibonye vinazama na havirudi

Hili ndilo linaloongoza, na masika yakianza simu huongezeka. Kwanza tafuta kama kosa liko kwenye kibonye au kwenye mtambo wa nyundo. Bonyeza kibonye kilichokwama huku ukitazama nyundo yake. Kama nyundo imerudi mahali pake lakini kibonye kimebaki chini, tatizo ni la kibonye. Kama nyundo imebaki imeelekea kwenye nyaya, au inarudi polepole mno, tatizo liko kwenye maungio ya mtambo.

Kwa kibonye, anza na vitu vilivyodondoka. Tumia tochi katikati ya vibonye. Sarafu za sadaka, vipande vya penseli, pini za nywele na vifungo vya mashati hupatikana humo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Dalili yake ni kwamba vibonye viwili vilivyo jirani hukwama pamoja, au kimoja kikibonyezwa kinakivuta kingine.

Kisha tazama ule ubao mwembamba ulio mbele ya vibonye, chini ya ncha zake. Ukivimba kwa unyevu, au piano ikisukumwa vibaya, ubao huo hugusa vibonye na kuvibana. Uvute kwa vidole kuelekea kwako huku ukicheza. Vibonye vikiachia papo hapo, umepata jibu. Legeza skrubu zake na uweke kipande cha kadi ngumu nyuma yake, mahali skrubu ilipo, kisha kaza tena. Kanisa linaweza kukaa miezi likiamini piano yake imeoza, kumbe ilihitaji kipande cha kadi ya mwaliko wa harusi.

Kama ubao haugusi, sababu inayobaki kwa kawaida ni felti iliyomo ndani ya kibonye. Kila kibonye hupita kwenye pini mbili za chuma, moja katikati na moja mbele, na matundu ya pini hizo yamewekwa felti pembeni. Felti ikinywa unyevu, inaibana pini. Shika ncha ya kibonye na ukichezeshe kushoto na kulia. Kinatakiwa kiwe na nafasi ndogo sana, ya kuhisiwa kwa kidole tu. Kisipocheza kabisa, kimebanwa.

Hapa ndipo ninapowaomba watu wawe na subira. Fundi ana koleo maalumu lenye taya sambamba la kuminyia felti hiyo kidogo, na hiyo ndiyo njia sahihi. Kupiga msasa matundu, kuchonga mbao au kupinda pini kwa plaizi ni kuharibu. Hata hilo koleo lisitumike ovyo kwenye vibonye vyote katikati ya masika. Ukilegeza vibonye 30 mwezi Aprili, mwezi Januari chumba kikikauka vitakuwa vinagongana ubavuni, na kurudisha felti mpya ni kazi kubwa kuliko kuiminya. Legeza vile visivyochezeka kabisa. Vilivyobaki, tibu chumba.

Kutibu chumba maana yake ni nini? Nunua kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, kile cha kidijitali, ukiweke juu ya piano. Piano hupenda unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hewa hukaa juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka, na si rahisi kuishusha. Lakini unyevu unaopanda na kushuka haraka huiumiza piano kuliko unyevu mwingi uliotulia. Kiyoyozi kinachowashwa Jumapili saa mbili na kuzimwa saa sita mchana, wiki baada ya wiki, huichosha piano kuliko dirisha lililo wazi siku zote. Ama kiwashwe kila siku, ama piano ihamishwe mbali na upepo wake.

Iondoe pia kwenye ukuta wa nje unaotoka jasho, hasa majumba ya Mji Mkongwe na Lamu yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo hushika maji. Acha nafasi ya kiganja kati ya mgongo wa piano na ukuta. Na anayedeki sakafu ya vigae aambiwe asimwage maji karibu na magurudumu yake. Maji yale hupanda yakiwa mvuke na kuingia kupitia chini.

Kuna kifaa cha kupasha joto kinachotengenezwa kwa ajili ya piano: fimbo ndefu yenye wati chache, inayofungwa ndani sehemu ya chini na kuwashwa na kuzimwa na kipima unyevu chake chenyewe. Kwa pwani ni fedha iliyotumika vizuri. Wengine huweka balbu ya kawaida ya umeme humo ndani. Siipendekezi. Balbu huwa moto sana, na ndani ya piano kuna sufu, mbao kavu na vumbi.

Sasa upande wa mtambo. Kila nota ina maungio kadhaa yanayozunguka kwenye vijiti vya chuma vyenye unene wa milimita 1.3 hivi, vilivyozungushiwa felti. Kwa piano nzima maungio hayo hupita 300. Yakivimba au chuma kikiota kutu ya kijani, nyundo inakuwa nzito. Sukuma nyundo kwa kidole kuelekea kwenye waya kisha uiachie, halafu ufanye hivyo kwa jirani yake. Tofauti utaiona kwa macho. Hapa hakuna tiba ya nyumbani zaidi ya kukausha chumba na kusubiri wiki mbili au tatu. Zisipoachia, fundi atavuta kijiti, atapanua felti kwa kiasi, na kuweka kijiti cha saizi inayofaa. Kama ni nota tano, ni kazi ya asubuhi moja. Kama ni piano nzima, ni siku kadhaa, na inafaa muelewane bei kabla.

Piano haipatani na kinanda cha umeme, au kwaya inasema imeshuka

Anza na kinanda cha umeme chenyewe. Mara nyingi mtu amebonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo na hakukirudisha. Kizime, ukiwashe, ukisikilize tena. Vinanda vingi vikiwashwa hurudi kwenye kiwango cha kawaida, A ya 440 (yaani nota A ikitetema mara 440 kwa sekunde), ambacho mataifa yalikubaliana London mwaka 1939.

Kisha pima piano. Programu ya kutunia gitaa kwenye simu inatosha kwa jambo hili moja. Cheza A iliyo juu ya C ya katikati, waya mmoja tu ukilia, na nyaya nyingine za nota hiyo zikiwa zimezuiwa kwa kipande cha felti. Ikisoma 435, imeshuka kwa sehemu moja ya tano ya nusu toni; sikio la kawaida halitalalamika mpaka vipigwe pamoja. Ikisoma 427, imeshuka robo toni. Ikisoma 415, imeshuka nusu toni nzima, na anayepiga katika C anasikika katika B.

Sababu ya kwanza ya kushuka ni muda. Nyaya huvutika, na piano isiyotuniwa miaka mitano au kumi hushuka tu, hata kama haipigwi. Sababu ya pili ni majira. Nyuma ya nyaya kuna ubao wa sauti, ubao mpana wa mti wa sprusi uliopindwa kidogo kama mgongo. Hewa ikiwa na unyevu, ubao huvimba na kuzisukuma nyaya, sauti inapanda, hasa katikati ya kibodi. Hewa ikikauka, ubao hulala, sauti inashuka. Ndiyo maana piano inaweza kuwa nzuri upande wa besi na upande wa juu kabisa, lakini katikati ikawa imepotoka. Huko si kuharibika.

Sababu ya tatu ni safari. Piano iliyotoka Mombasa kwenda Nairobi au kutoka Dar kwenda Dodoma imehama hali ya hewa. Iache itulie wiki mbili au tatu ndipo ituniwe. Vivyo hivyo piano za mitumba zinazoletwa kwa kontena kutoka Ulaya au Japani. Ukiituni siku inayoshushwa, umelipa bure.

Kwa mpango wa mwaka, mara mbili ndiyo kiwango kizuri, na kwa pwani muda mzuri ni baada ya majira kutulia: Juni au Julai masika yakishapita, na Januari baada ya vuli. Piano mpya huhitaji zaidi mwaka wa kwanza, kwa sababu nyaya zake bado zinavutika.

Piano iliyoshuka robo toni au zaidi haituniwi kwa mkupuo mmoja. Fundi huipandisha kwanza kwa haraka, akizidisha kidogo juu ya lengo kwa kuwa waya mmoja ukiongezwa nguvu majirani wake hulegea. Kisha anarudia kwa utulivu. Mara nyingi anahitaji kurudi tena baada ya wiki chache. Fundi akikuambia hivi hakudanganyi wala hatafuti siku ya pili ya malipo.

Lakini si kila piano ipandishwe. Nyaya zikiwa na kutu nyekundu ya kuonekana, jambo la kawaida karibu na bahari, kuzipandisha nusu toni kunaweza kukata kadhaa kwa siku moja. Ushauri wangu kwa kanisa lenye piano ya namna hiyo ni kuituni pale ilipo, ilingane yenyewe kwa yenyewe, kisha kinanda cha umeme kishushwe kuifuata kwa kutumia mpangilio wake wa kurekebisha kiwango. Vinanda vingi vinao, na haugharimu chochote.

Kuhusu programu za simu, ninaulizwa sana kama mtu anaweza kuituni piano nzima kwa ile ya gitaa. Hapana. Waya wa piano ni mgumu, na sauti za juu zilizomo ndani ya nota moja hupanda kuliko hesabu safi inavyotaka. Kwa sababu hiyo fundi hutanua oktava kidogo, besi zikishushwa na nota za juu zikipandishwa, na kiasi cha kutanua hutofautiana kwa kila piano. Ukifuata namba za programu ya gitaa, katikati patasikika sawa na pembeni patasikika pamekufa. Programu za mafundi hupima ugumu huo. Hizo ni jambo jingine.

Nota moja inalia kama mbili

Nota nyingi zina nyaya tatu, za besi zina mbili, na za chini kabisa zina mmoja. Mmoja ukiteleza, nota inayumba: waa, waa, waa. Zuia nyaya kwa kabari ya mpira au felti iliyokunjwa, usikilize mmoja mmoja. Utaupata ulioteleza.

Aliye mbali na fundi, tuseme Bukoba au Songea, anaweza kujifunza kurekebisha hili moja, na ni vizuri ajifunze. Anahitaji ufunguo halisi wa kutunia, wenye tundu la nyota linalokaa sawasawa kwenye pini. Spana na plaizi hula kona za pini, na hapo fundi atakayekuja baadaye hatakuwa na pa kushika. Fuata waya kwa kidole hadi kwenye pini yake. Zungusha kidogo mno, kulia kupandisha na kushoto kushusha, huku ukipiga nota bila kuacha. Ukizungusha na usisikie badiliko lolote, simama. Uko kwenye pini ya waya mwingine, na ukiendelea utaukata.

Pandisha kupita lengo kwa kiasi kidogo sana, kisha uirudishe itulie, na upige kibonye kwa nguvu mara kadhaa. Usipofanya hivyo, itateleza tena kabla ya ibada kwisha.

Wakati mwingine waya mmoja peke yake, wengine wakiwa wamezuiwa, bado unayumba. Huo hautuniwi ukatulia. Pini ya kwenye daraja, yaani ule ubao mwembamba unaopitisha mtetemo wa nyaya hadi kwenye ubao wa sauti, imelegea, au waya una kutu au umepindika. Mwachie fundi.

Kuna kitu kinatetemeka au kuvuma

Ondoa kila kitu kilicho juu ya piano: fremu za picha, chombo cha maua, metronomu, vitabu vya nyimbo. Kisha mtu mmoja apige nota inayovuma na mwingine aguse vitu vya chumbani, kioo cha dirisha, taa, kengele ya mlangoni, kitasa. Mara nyingi kosa liko nje ya piano kabisa.

Kama liko ndani, guseni bawaba za mfuniko, fimbo za pedali, skrubu zilizolegea. Angalieni chini, pale ubao wa sauti unapokutana na sakafu ya piano. Sarafu na penseli hutua hapo na kuvuma kwa nota moja tu.

Nota ya besi ikivuma kwa sauti ya nyuki, huenda shaba iliyozungushwa kwenye waya wake imelegea. Fundi huushusha waya na kuusokota zamu moja kufuata mzunguko wa shaba. Ukisukuma mgongo wa ubao wa sauti kwa dole gumba na mvumo ukakoma, kuna ubavu, yaani kipande cha mbao kinachoukaza ubao huo kwa nyuma, uliobanduka gundi. Ufa kwenye ubao wa sauti si hukumu ya kifo. Piano nyingi zenye nyufa zinalia vizuri, mradi mbavu zimeshika.

Nota haitoi sauti, au piano nzima imefifia

Piano nzima ikififia kwa ghafla, tazama pedali ya katikati. Kwenye piano nyingi za kusimama inashusha pazia la felti kati ya nyundo na nyaya, na pedali hiyo hujifunga ikisukumwa pembeni. Iachie. Umemaliza.

Nota moja ikinyamaza, bonyeza na utazame nyundo. Isiposogea, huenda utepe wake umekatika au springi ndogo iliyo chini yake imevunjika, au skrubu ya ungio imelegea. Skrubu unaweza kuikaza wewe, kwa bisibisi ndefu inayolingana nayo, bila kulazimisha. Kiangazi mbao husinyaa na skrubu nyingi hulegea kwa pamoja. Huo ndio wakati wa kuzikagua zote.

Nyundo ikiwa imevunjika mpini, tafuta kichwa chake na ukitunze kwenye bahasha. Usikigandishe kwa gundi ya haraka. Kikikaa upande kwa milimita mbili tu, kitapiga waya wa jirani, na kukitoa baada ya hapo ni kuvunja upya.

Sauti haikatiki, pedali hazifanyi kazi

Kama nota zisizokatika ni zile 18 hadi 20 za juu kabisa, piano yako haina tatizo. Nota hizo hazina vizimio, yaani vipande vya felti vinavyokatisha sauti ya nyaya; zimetengenezwa hivyo.

Nota zote zikiendelea kulia, tazama chini: kuna kitu kimezuia pedali ya kulia, au nati ya fimbo yake imekazwa mno. Pedali inatakiwa ishuke kidogo bure ndipo ianze kuinua vizimio. Legeza nati hadi upate nafasi hiyo. Pedali isipofanya kitu, fimbo ya mbao imechomoka kwenye tundu lake, irudishe. Nota moja isipokatika, kizimio chake kimekwama, springi imekatika, au felti imeliwa.

Pedali inayolia kwii hutulizwa kwa kusugua risasi ya penseli pale springi inapogusana na chuma.

Waya umekatika

Usivute vipande kwa mkono mtupu; ncha zake hukata. Viache vilivyo kama havigusi nyaya nyingine, au vifunge kwa uzi visisogee. Nyaya za juu mara nyingi ni waya mmoja unaozunguka ndoano na kurudi, hivyo ukikatika unapoteza nyaya mbili kwa mpigo. Wa besi uliozungushiwa shaba hutengenezwa kwa vipimo vya piano hiyo, kwa hiyo tunza vipande vyote, vitatumika kama kielelezo. Waya mpya utashuka kila siku kwa wiki kadhaa. Ndivyo ulivyo.

Zikikatika mbili au tatu katika mwaka mmoja bila kupigwa kwa nguvu, ni kutu. Acha kuituni mpaka fundi aamue kama nyaya zote zibadilishwe.

Piano haishiki sauti hata wiki

Pini zimelegea kwenye mbao yake. Hutokea zaidi kwa piano iliyotoka unyevu kwenda ukavu, kama iliyopandishwa kutoka pwani hadi bara, kwa kuwa mbao husinyaa na kupasuka ndani. Fundi ana njia tatu: gundi nyembamba inayonywewa na mbao, pini nene zaidi, au mbao mpya. Usijaribu kugonga pini kwa nyundo ili zizame. Ukisikia mtu anashauri hivyo, mzuie.

Wadudu na panya

Vumbi la felti lililosagika chini ya nyundo ni kazi ya viwavi wa nondo. Panya hupenda kujenga chini ya vibonye. Safisha kwa mashine ya kuvuta vumbi na brashi laini. Tundika vidonge vya nafthalini ndani ya mfuko wa kitambaa sehemu ya chini, visiguse mbao iliyopakwa rangi wala nyaya. Usipulize dawa ya mende ndani. Maji yake hulowesha felti na kutia kutu.

Vichuguu vya udongo mgongoni au kwenye miguu ni mchwa. Isogeze piano kutoka ukutani siku hiyohiyo, mkiwa watu wanne, na umwite fundi kabla mtu hajagusa pini. Mbao ya pini iliyoliwa ndani haionyeshi kitu kwa nje, nayo ndiyo inayozishika pini zote zinazovutwa na zile tani.

Vifuniko vya vibonye vimebanduka

Vya plastiki hugandishwa upya kwa urahisi. Lakini tazama kwanza. Ukiona mistari myembamba kama ya mbao, na kiungo cha mkato mahali sehemu pana ya kibonye inapokutana na sehemu nyembamba, hiyo ni pembe ya ndovu. Karne ya 19 pembe nyingi za namna hiyo zilitoka bara letu hadi Zanzibar, zikibebwa mabegani na wapagazi, wakiwamo watumwa, kisha melini hadi Connecticut, Marekani, ambako Deep River na Ivoryton ziliishi kwa kuzikata ziwe vibonye. Baadhi zimerudi kwetu zikiwa juu ya piano za mitumba. Usizitupe, usizioshe kwa maji mengi, hujikunja. Na mwaka 1989 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilipiga kura kufunga biashara ya kimataifa ya pembe, kwa hiyo kuvusha piano kama hiyo mpakani kunahitaji kuulizia kibali mapema.

Ukimpigia fundi, mwambie haya

Jina la piano na namba iliyopigwa chapa kwenye fremu ya chuma, au picha yake. A inasoma ngapi. Mara ya mwisho ilituniwa lini. Nota zipi, ukihesabu kibonye cha kwanza kushoto kuwa 1 na cha mwisho kuwa 88. Iko chumba gani, ghorofa ya ngapi, kiyoyozi kinawashwa lini. Kama kuna nyaya zilizokatika, taja namba zake, maana nyaya za besi huagizwa kabla ya safari. Na siku atakayokuja, zima mapangaboi, na omba mazoezi ya kwaya yahamishiwe ukumbi mwingine, kwa sababu atakuwa anasikiliza mawimbi madogo kati ya nyaya mbili, na hayasikiki palipo na kelele.